UZI: Dalili za MS zinazokuja na kuondoka zenyewe, na kwa nini picha moja haitoshi kusema unayo au huna

Mleta uzi

Habari za humu wakuu. Uzi ni mrefu nawaomba uvumilivu. Mimi naishi na maltipo sklerosisi, hii tunayoiita MS kwa kifupi, na kila nikikutana na mwenzangu mwenye huu ugonjwa nasikia stori ileile: dalili ya kwanza ilikuja, ikamsumbua wiki mbili tatu, ikaisha, kila mtu akashukuru Mungu na maisha yakaendelea, halafu baada ya mwaka au miaka inakuja nyingine sehemu nyingine kabisa ya mwili na hakuna anayeziunganisha. Leo anaenda kwa daktari wa macho, kesho kwa wa mifupa, keshokutwa kwa wa mkojo. Ndo kitu nataka tukielewe hapa, kwamba dalili iliyoisha yenyewe bado ni ushahidi, na usipoutaja wewe hakuna mtu atakayeujua.

Kwa wasioujua huu ugonjwa: mishipa ya fahamu ndani ya ubongo, kwenye uti wa mgongo na ule unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo imevikwa utando unaoitwa mayelini, fikiria lile ganda la plastiki juu ya waya wa umeme. Kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu inaugeukia huo utando na kuushambulia. Pale palipopigwa panavimba, taarifa zinapita kwa kusuasua au hazipiti kabisa, na dalili utakayopata inategemea pamepigwa wapi. Uvimbe ukitulia mwili unakarabati kiasi, dalili inapungua au inaisha, kovu linabaki. Hauambukizi. Wengi unawaanza kati ya miaka 20 na 40, wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume, ila watoto wapo na wanaoanza wakiwa watu wazima kabisa wapo pia. Makadirio ya 2020 yalikuwa watu milioni 2.8 duniani.

Kuna mtu mmoja wa zamani naona stori yake inafundisha kuliko vitabu. Augustus d'Este, mjukuu wa mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alikuwa anaandika shajara. Desemba 1822 akiwa na miaka 28 alisafiri kwenda kumtembelea ndugu yake Scotland, akamkuta amefariki, akahudhuria mazishi, na muda mfupi baada ya hapo macho yakagoma, ikabidi asomewe barua zake na kuandikiwa majibu. Hakutibiwa na chochote, macho yakarudi. Miaka iliyofuata yakasumbua tena na kurudi tena. 1827 akiwa Florence akaanza kuona vitu viwili viwili, ikaisha, halafu miguu ikaishiwa nguvu mpaka mtumishi wake akawa anambeba, nayo ikapungua. Baadae ganzi, mkojo, na mwendo ukaendelea kuharibika mpaka alipofariki 1848. Daktari Jean-Martin Charcot kule Paris alikuja kuueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1868, yaani miaka 20 baada ya d'Este kufa. Sisi leo tunajua alikuwa na nini kwa sababu tu aliandika tarehe na kilichomtokea, hamna mashine yoyote iliyompima.

Sasa dalili. Naanza na jicho kwa sababu wengi inaanzia hapo, na mimi nikiwemo. Ni jicho moja. Unasikia maumivu nyuma ya jicho, hasa ukiligeuza kuangalia pembeni, halafu ndani ya siku chache uoni unafifia, kama kuna ukungu umekaa katikati na hauondoki hata ukipikicha. Rangi zinapauka, nyekundu ndo ya kwanza. Ziba jicho zima, angalia kitu chekundu kwa lile linalouma, kisha badilisha, utaona tofauti kama kitu kimefuliwa mara nyingi. Kinachowachanganya watu ni kwamba daktari akichungulia ndani ya jicho mara nyingi anakuta liko safi kabisa, kwa sababu uvimbe uko nyuma kwenye mshipa wenyewe, hivo unaambiwa jicho ni zima nenda nyumbani. Anayejua atakuhamishia tochi kutoka jicho hili kwenda lile akiangalia mboni, ile ya upande mgonjwa badala ya kusinyaa ikipigwa mwanga inatanuka. Kipimo cha dakika moja hakihitaji mtambo wowote. Wengi uoni unaanza kurudi ndani ya wiki chache hata bila dawa, na hapo ndo watu wanapoachia kabisa.

Nyingine ni ganzi, ila sio ganzi yoyote. Inaanzia miguuni inapanda siku hadi siku mpaka kiunoni au kifuani, kuna mstari kabisa unaweza kuuonyesha kwa kidole kwamba hapa chini sisikii vizuri, hapa juu nasikia. Au upande mmoja wa uso. Wengine wanasikia kama wamefungwa mkanda umekazwa kifuani au tumboni. Kuna ile ukiinamisha kichwa kidevu kiguse kifua unapigwa kama shoti ya umeme inashuka mgongoni mpaka miguuni, madaktari wanaiita alama ya Lhermitte, ukiwa nayo itaje hata kama inachukua sekunde moja tu. Kuona viwili viwili, kizunguzungu cha siku nyingi mfululizo, mguu kuburuta ukitembea umbali, mkono kutetemeka pale unapotaka kushika kitu, mkojo kukubana ghafla mpaka hufiki chooni, nguvu za tendo la ndoa kupungua. Na uchovu, uchovu ambao kulala hakuutibu, huu unawatesa wengi sana ila peke yake hauonyeshi MS maana magonjwa mia yanaleta uchovu. Joto nalo lina mambo yake, ukioga maji ya moto au ukifanya mazoezi dalili ya zamani inajitokeza tena, ukipoa inapotea. Daktari wa macho wa Ujerumani, Uhthoff, aliandika habari hii 1890 kwa wagonjwa wa macho. Ile sio shambulio jipya, usiogope.

Shambulio lenyewe lina vipimo vyake: dalili inakaa saa 24 au zaidi bila kukatika, huna homa wala maambukizi ya kuielezea, na ili lihesabiwe jipya liwe limepishana na la nyuma kwa angalau siku 30. Kwa kawaida linajijenga kwa saa au siku, linakaa siku hadi wiki, halafu linashuka. Ikija ghafla ndani ya sekunde au dakika, uso umepinda, mkono umeanguka, maneno hayatoki, hiyo acha kusoma nyuzi kimbia hospitali, inaweza kuwa kiharusi.

Vipimo nakuja navyo chini, ulizeni.

Msomaji Kimya

Asante mleta uzi ila umenitia wasiwasi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, usiku naamka vidole vimekufa ganzi, gumba na viwili vinavyofuata, nikikung'uta mkono vinarudi. Nimesoma mambo ya MS mpaka usiku wa manane naona kila dalili ni yangu.

Mleta uzi

Pole dada. Soma ulichoandika mwenyewe: vidole vilevile, usiku, ukikung'uta vinarudi. Ganzi ya MS haikung'utwi ikaondoka, inakaa nawe mchana na usiku, siku kwa siku. Yako inafanana zaidi na mshipa unaobanwa pale kwenye kifundo cha mkono, kitu cha kawaida mno na kina matibabu, nenda ukapimwe mkono huo. Mimi sio daktari, ila vitu vinavyopita kwa sekunde au dakika, leo hapa kesho pale, kope kucheza, misuli kurukaruka, hivo mara nyingi sio MS. Na usisome usiku.

Baba Wawili

Wakuu mimi nimeingia hapa kwa ajili ya mke wangu. Wiki tatu zilizopita jicho la kushoto lilianza kuuma akiligeuza, kesho yake akasema anaona kama kupitia kioo kichafu. Tulienda kupima macho wakasema jicho halina shida, wakampa matone. Sasa hivi linaelekea kurudi. Nilivyosoma hapo juu kuhusu ganzi nikakumbuka kitu, miaka miwili iliyopita wiki chache baada ya kujifungua mtoto wa pili alikuwa na ganzi kuanzia miguuni mpaka kiunoni, tukaambiwa ni ya uzazi, ikaisha kama baada ya mwezi. Hatujawahi kuvitaja pamoja hivi vitu viwili kwa daktari yeyote.

Mleta uzi

Baba Wawili, hapo ndo hasa nilipokuwa napazungumzia. Sisemi mkeo ana MS, siwezi, ila vitu hivyo viwili lazima vifike kwa daktari wa mishipa ya fahamu vikiwa kwenye karatasi moja. Jicho ni mshipa mmoja, ganzi ya miguu mpaka kiunoni ni uti wa mgongo, sehemu mbili tofauti, nyakati mbili tofauti. Na hiyo ya baada ya kujifungua usiichukulie poa: inajulikana kwamba mimba inatuliza MS hasa miezi mitatu ya mwisho, halafu miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua mashambulio yanaongezeka. Watu wanaona mama amechoka, ana mtoto mchanga, kila kitu kinasukumiwa kwenye uzazi.

Msiahirishe eti kwa sababu jicho linapona. Linapopona ndo wakati wa kwenda, picha ya kichwa bado itaonyesha kama kuna makovu. Kama uoni ukishuka tena, au jicho la pili likaingia, nendeni siku hiyohiyo. Wanaweza kumpa dawa ya steroidi inayoingizwa kwenye mshipa wa damu, methiliprednisoloni, kwa siku tatu hadi tano. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1992 ulionyesha kwamba hiyo dawa inaharakisha jicho kurudi, ila mwisho wa siku kiwango cha uoni kinakaribiana na cha ambao hawakuipata. Kwa hiyo kama hakuipata msijilaumu, cha muhimu sasa ni kujua chanzo.

Fundi Picha

Nafanya kazi ya kupiga picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, naomba nichangie upande wangu. Kwanza CT, ile picha ya eksirei ya kuzunguka, sio kipimo cha MS, watu wanakuja na CT safi wamefurahi, CT inaweza kuwa safi na MRI ikajaa mabaka. Mgonjwa analala ndani ya lile bomba kama nusu saa hadi saa moja, kelele ni nyingi tunampa vizibo vya masikio, asitikisike, na atuambie kama ana chuma chochote mwilini au betri ya moyo KABLA hajaingia.

Tunachotafuta ni mabaka meupe. Ila mabaka meupe kwenye ubongo yanaletwa na vitu vingi, presha, kisukari, kipandauso, sigara, umri tu. Ya MS yana sehemu zake: pembezoni mwa zile chemba za maji katikati ya ubongo, kwenye ganda la ubongo au linaloligusa, nyuma kule kwenye shina la ubongo na ubongo mdogo, na uti wa mgongo. Yale ya kwenye chemba yanakuwa marefu kidogo yamesimama kama vidole vinatoka kwenye chemba, wenyewe wanaviita vidole vya Dawson, kwa sababu yanafuata vimishipa vya damu. Kwenye uti wa mgongo baka la MS ni fupi, kwa kawaida halizidi urefu wa pingili mbili. Likiwa refu pingili tatu na kuendelea, daktari anaanza kufikiria ugonjwa mwingine.

Halafu kuna dawa ya gadolinia tunachoma kwenye mshipa. Baka linalowaka baada ya hiyo dawa ni la karibuni, mara nyingi la wiki chache zilizopita, lisilowaka ni la zamani. Kwa hiyo picha moja ikionyesha linalowaka na lisilowaka pamoja, tayari una mambo ya nyakati mbili ndani ya siku moja. Ndo maana tunasisitiza uti wa mgongo upigwe pia, kuna mtu kichwa kina mabaka mawili ya kutatanisha ila shingo inamaliza ubishi.

Mleta uzi

Asante sana Fundi Picha. Hapo sasa nieleze vile vigezo wanavyotumia, vinaitwa vigezo vya McDonald, vilitoka 2001 vikafanyiwa marekebisho 2005, 2010, 2017 na mara ya mwisho vya 2024. Roho yake ni swali mbili. Je, ugonjwa umepiga zaidi ya sehemu moja? Na je, umepiga zaidi ya wakati mmoja? Halafu kuna la tatu ambalo watu wanaliruka: hakuna maelezo mengine yanayofaa zaidi?

Zamani ilibidi usubiri mpaka shambulio la pili lionekane, mtu anakaa miaka anaambiwa huenda unayo huenda huna. Sasa hivi MRI inaweza kujaza pengo, na tangu 2017 maji ya mgongo yakiwa na alama zake yanaweza kusimama badala ya ushahidi wa nyakati mbili. Marekebisho mapya yameingiza mshipa wa jicho kuwa sehemu ya tano pamoja na zile nne alizotaja Fundi, na wanaangalia kama katikati ya baka kuna kamshipa ka damu kanapita, maana baka la MS huwa linazunguka mshipa. Mtu mwenye shambulio moja tu ambaye hajatimiza vigezo anafuatiliwa kwa picha, haambiwi huna, na wala haambiwi unayo.

Na mwili wenyewe unapimwa jamani. Nyundo ya goti, kukwaruzwa unyayo kuona kidole gumba kinapanda au kinashuka, kutembea kisigino kwa kidole, kufuata kidole cha daktari kwa macho. Daktari aliyekusikiliza nusu saa na kukupima hivo ananipa amani kuliko aliyesoma ripoti ya picha akaandika jina la ugonjwa.

Nyota ya Mbali

Hapo kwenye ripoti ya picha umenigusa. Dada yangu ana kipandauso tangu shule. Alipiga MRI ya kichwa kwa ajili ya maumivu, ripoti ikaja na mabaka meupe "pengine MS", akaanzishiwa dawa za sindano. Miaka imepita, hajawahi kupata shambulio lolote zaidi ya kichwa kuuma. Daktari mwingine sasa anasema hana MS kabisa. Inawezekanaje?

Mleta uzi

Inawezekana sana na inaniuma kila nikiisikia. Utafiti wa 2019 kwenye vituo viwili vya Marekani uliwaangalia wagonjwa waliofika wakiwa tayari wamepewa jina la MS, karibu 18 kati ya kila 100 hawakuwa nayo, na kipandauso kilikuwa kati ya vilivyoongoza kwa kuchanganywa. Vigezo vile vya McDonald vilitengenezwa kwa mtu mwenye dalili halisi ya shambulio, mshipa wa jicho, uti wa mgongo, shina la ubongo. Ukivichukua ukavibandika kwa mtu mwenye kichwa kuuma tu na vidoa viwili vitatu, unampa mtu mzima ugonjwa wa maisha pamoja na dawa zenye madhara yake. Dada yako asiache dawa ghafla kwa maneno ya humu, aende na zile picha ZENYEWE, sio ripoti tu, kwa daktari anayeshughulika na MS kila siku.

Binti Maabara

Nami niongeze upande wa maabara. Hakuna kipimo cha damu kinachosema hii ni MS. Damu tunayochukua nyingi ni ya kuondoa vingine: vitamini B12, maana upungufu wake unapiga uti wa mgongo na unatibika kwa sindano, kaswende, VVU, tezi ya thairoidi, lupasi, na HTLV-1 ambayo ni kirusi kinacholegeza na kukaza miguu taratibu.

Ila kuna viwili naomba mvishike. Kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, zinazolenga protini mbili: za akwaporini 4 na za MOG, hii ya mwisho ni protini ya kwenye mayelini. Ya kwanza ndo ya ugonjwa unaoitwa nyuromielaitisi optika, unapiga macho na uti wa mgongo kama MS lakini sio MS. Kwa watu weusi na watu wa Asia una nafasi kubwa zaidi ukilinganisha na wazungu. Dalili zinazotustua ni macho yote mawili kwa pamoja au jicho kufifia mpaka giza kabisa, baka refu la mgongo kama Fundi alivyosema, na kwikwi na kutapika visivyokoma siku kadhaa bila tumbo kuwa na shida. Kwa nini nasisitiza: baadhi ya dawa za MS, kama interferoni na fingolimodi, zinaweza kuuchochea huo ugonjwa ukawa mbaya zaidi. Kwa hiyo mke wa Baba Wawili, jicho na mgongo, waulizeni kabisa kama kingamwili hizo zitapimwa.

Kwenye maji ya mgongo tunatafuta bendi za oligoklono, yaani mistari ya protini za kinga, ndo zile alama alizotaja mleta uzi. Wengi wenye MS wanazo, kama 85 hadi 90 kati ya 100. Lazima damu ichukuliwe siku hiyohiyo tulinganishe, bendi zinazohesabika ni zile zilizoko kwenye maji ya mgongo na hazipo kwenye damu. Nimepokea sampuli nyingi za maji peke yake bila damu, hizo hatuwezi kuzisoma vizuri, mgonjwa kachomwa bure. Na seli nyeupe zikizidi 50 kwa kila mikrolita ya yale maji, fikirieni maambukizi au kitu kingine kwanza.

Kaka Mkubwa

Mimi nina miaka 52, stori yangu haifanani na yenu. Sikuwahi kupata shambulio likaisha. Mguu wa kulia ulianza kuchoka nikitembea mbali, mwaka uliofuata mbali ikawa karibu, sasa natembelea fimbo. Waliniambia mgongo, nikafanyiwa mazoezi ya mgongo muda mrefu. Je hii inaweza kuwa MS?

Mleta uzi

Pole sana kaka. Inaweza, kuna aina ambayo haiji na kuondoka, inapanda taratibu tangu mwanzo. Ni kama watu 10 hadi 15 kati ya 100, wanaanza wakiwa na umri mkubwa kidogo, wanaume kwa wanawake wanakaribiana, na mara nyingi inaanza hivohivo kama ulivyoeleza, miguu. Hapo kigezo ni tofauti, wanataka angalau mwaka mmoja wa kuzidi kuharibika, pamoja na mabaka ya ubongo, ya mgongo au maji ya mgongo. Ila kwa umri wako na dalili zako kitu cha KWANZA ni kuhakikisha hakuna diski au mfupa unaobana uti wa mgongo shingoni, maana shingo inaweza kulegeza miguu bila shingo yenyewe kuuma, na huo ubanaji unafanyiwa upasuaji. Wengi wanapigwa picha ya kiuno tu. Ulipigwa shingo na kifua?

Kaka Mkubwa

Kiuno tu.

Mleta uzi

Basi omba shingo na kifua. B12 na HTLV-1 alizotaja Binti Maabara nazo. Hata ikiwa ni aina hiyo ya taratibu, tangu 2017 ipo dawa ya okrelizumabu iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili yake, kabla ya hapo hawakuwa na kitu.

Na kwa wanaouliza sasa kujua kunasaidia nini: dawa ya kuuondoa ugonjwa haipo, ila dawa za kupunguza mashambulio zipo tangu 1993 interferoni ilipoanza, zipo zenye nguvu kuliko hiyo kwa mbali, na Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kladribini, glatirama na rituksimabu. Zinasaidia kuzuia makovu mapya. Lile lililokwisha kuwepo haziwezi kulifuta, kwa hiyo kila mwaka unaopita bila jina la ugonjwa ni mwaka wa makovu ambayo yangeweza kuzuilika.

Baba Wawili

Tumepata nafasi kwa daktari wa mishipa ya fahamu wiki ijayo. Tubebe nini? Na kuhusu watoto wetu, inarithiwa?

Mleta uzi

Hongera kwa kupata nafasi. Karatasi moja, sio daftari zima. Kila tukio mstari wake: lilianza mwezi gani mwaka gani, sehemu gani ya mwili, lilifika kilele baada ya siku ngapi, lilikaa muda gani, lilirudi lote au kuna kilichobaki, na wakati huo alikuwa na homa au la. Kaeni wawili mkumbuke nyuma zaidi, kabla hata hamjaoana, muulize mama yake. Kizunguzungu cha siku nyingi? Kuona viwili viwili? Uso kufa ganzi? Kama tarehe hamzijui tumieni matukio, ilikuwa kabla ya mtihani fulani, baada ya kuhama nyumba. Bebeni majibu ya kupima macho hata kama yalisema hakuna kitu, picha zozote, na orodha ya dawa. Wewe nenda naye, uliyoyaona wewe yeye huenda hakuyaona, kama mguu kuburuta.

Watoto, hatari inapanda kidogo lakini ni ndogo, mtoto wa mwenye MS takribani 2 au 3 kati ya 100 na wengine wote hawaupati. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiwa nayo mwenzake anaipata kama robo tu ya mara. Vipo vingine vinavyochangia: kirusi cha Epstein-Barr, utafiti wa 2022 kwa wanajeshi wa Marekani ulikuta hatari inapanda mara 32 baada ya kukipata, japo karibu watu wazima wote tunacho na wengi hawaumwi, vitamini D kuwa chini, sigara, unene utotoni.

Msomaji Kimya

Nimepima mkono, ni mshipa umebanwa kweli, nimepewa kifaa cha kuvaa usiku. Asanteni. Ila nauliza kwa niaba ya wengine, kutoa maji ya mgongo si unaweza kupooza? Hilo ndo linawafanya watu wakimbie.

Binti Maabara

Dada sindano inaingia chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, kiunoni, pale kuna nyuzi zinazoelea kwenye maji na zinasogea pembeni, kwa hiyo hofu ya kupooza ndo kubwa kuliko hatari yenyewe. Kinachowapata watu kweli ni kichwa kuuma siku moja mbili baadae, kinauma ukikaa au kusimama na kinatulia ukilala. Waombe watumie sindano nyembamba yenye ncha isiyokata, hiyo inapunguza sana hicho kichwa. Ukikipata lala, kunywa maji, meza dawa ya maumivu, kikipita siku kadhaa bila kutulia rudi, wanachukua damu yako kidogo wanaichoma pale pale ilipoingia sindano na tundu linazibika. Shingo kukaza, homa au miguu kulegea baada ya kutolewa maji, usisubiri hata kesho. Na kabla ya kuchomwa waambie kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu, hilo watu wengi hawalisemi.